Mti Mbichi wa Krismasi, Kuvu na Kifua: Hatari Huanzia Wapi na Hupunguzwaje

Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, mwezi wa Desemba, hutazama mawingu kabla ya kutazama bei. Dagaa walionyeshewa na mvua, wakakusanywa na kutiwa kwenye magunia kabla hawajakauka sawasawa, huanza kunuka uvundo upesi na kuota ukungu baada ya siku chache, na hapo hakuna mnunuzi wa kutoka Kasulu wala Tabora atakayedanganyika. Cha kushangaza ni kwamba sisi tunaolijua somo hili tangu utotoni, wiki hiyohiyo, hukata tawi la msaipresi lililolowa chapachapa, tukaliingiza sebuleni, tukalichomeka kwenye ndoo ya udongo mbichi na kuliacha hapo mpaka sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari, ipite.

Ndoo hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Mwanga, mti uliingia tarehe 15 Desemba, siku ya mvua, na ndoo yake ikafungwa karatasi ya zawadi yenye nyota za dhahabu. Kufikia tarehe 20, alama ya maji yenye rangi ya chai ilikuwa imepanda kwenye karatasi kiasi cha upana wa kiganja kutoka sakafuni, na mpwa wangu wa miaka saba, ambaye ana pumu, alikuwa akiamka saa tisa usiku akikohoa. Tulisingizia mafua ya mvua. Tarehe 8 Januari tulipoutoa mti na kuichana ile karatasi, tuliukuta uso wa udongo umefunikwa na utando mweupe wenye vinywelea, kama unga wa muhogo uliomwagika, na sehemu ya shina iliyozama udongoni ilikuwa na madoa meusi na ya kijani. Siwezi kuapa kwamba utando ule ndio uliokuwa ukimwamsha mtoto. Kwa nini si rahisi kuapa hivyo ni sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Kuvu si mmea wala si mdudu. Ni viumbe vinavyoishi kwa kumeng'enya vitu vilivyokufa au vinavyokufa, kama vile majani, magome, kuni, mkate, na hata vumbi lililoganda ukutani, na havihitaji mwanga wa jua bali unyevu. Hapa kwetu, ambako muhogo huvundikwa kabla ya kuanikwa, hakuna haja ya kumfundisha mtu jinsi koga linavyoonekana. Kisichoonekana ni namna kuvu zinavyosafiri. Huzaliana kwa chembe ndogo ziitwazo spora, ambazo hupeperuka hewani kwa wingi kila kitu kilichoota kuvu kinapotikiswa au kupigwa na upepo. Spora za jamii za Aspergillus na Penicillium zina upana wa takribani maikromita 2 hadi 5 (maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu una maikromita 50 hadi 100. Kwa hiyo puani hazizuiliki zote, na nyingine hushuka hadi kwenye njia nyembamba za hewa ndani ya mapafu. Spora za Alternaria ni kubwa zaidi na aghalabu huishia puani na kooni. Jamii ya nne inayotajwa sana katika habari za mzio (aleji) ni Cladosporium, ambayo hupenda majani ya miti na huelea kwa wingi katika hewa ya nje.

Kwa watu wengi spora hizi hazina madhara, maana kila mmoja wetu huzivuta kila siku. Tatizo huwapata wale ambao kinga ya mwili wao imejizoesha kuziona kama adui. Mtu wa namna hiyo hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hung'ang'ania kwenye seli maalumu zilizo puani, machoni na kwenye mapafu. Spora inapotua, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini pamoja na kemikali nyingine, na ndani ya dakika chache pua huwasha, chafya hufuatana, macho hutoa machozi. Kwa mwenye pumu, misuli ya njia za hewa hujikaza na kifua kuanza kutoa sauti ya mluzi. Yapo pia mawimbi ya pili, yanayokuja saa kadhaa baadaye, na ndiyo maana mtoto aliyecheza jioni karibu na mti anaweza kubanwa kifua usiku wa manane wakati mti wenyewe umeshasahauliwa.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. La kwanza ni sumukuvu. Tangu watu walipofariki dunia mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, neno kuvu limekuwa likitisha, na wapo wanaodhani kwamba mti wenye ukungu unaweza kuwaua kwa namna ileile. Sumukuvu huingia kwa kuliwa, huharibu ini, na haichagui nani ana mzio na nani hana. Mzio wa kuvu huingia kwa kuvutwa na humdhuru yule tu ambaye mwili wake umeshajenga uhasama na spora. La pili ni penisilini. Dawa hiyo ilitokana na kuvu ya Penicillium aliyoiona Alexander Fleming mwaka 1928, lakini kuwa na mzio wa spora za kuvu hiyo hakumaanishi kwamba una mzio wa dawa, wala kinyume chake. Mwenye kukohoa kwa ajili ya mti asije akakataa sindano anayoihitaji kwa sababu ya jina.

Je, ni kweli kwamba mti wa Krismasi huongeza kuvu ndani ya nyumba? Majibu yaliyopo yametoka nchi za baridi, na yanastahili kusomwa kwa makini, si kwa vichwa vya habari. Mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha Upstate kilichoko Syracuse, jimbo la New York, walieleza kwamba katika vipande 28 walivyovichukua kwenye miti ya Krismasi walipata maoteo 53 ya kuvu, mengi kati yake yakiwa za zile jamii nilizozitaja hapo juu. Hilo linatuambia kwamba kuvu zipo juu ya mti, jambo ambalo mkulima yeyote angelikubali bila hadubini. Swali gumu ni kama zinatoka mtini na kuingia hewani. Miaka minne kabla ya hapo, watafiti wa jimbo la Connecticut, hukohuko Marekani, walipima hewa ya nyumba moja yenye mti mbichi mara 12 katika muda wa wiki mbili. Kwa siku tatu za kwanza walihesabu spora zipatazo 800 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kuanzia siku ya nne hesabu ilianza kupanda, na siku ya kumi na nne ilifika 5,000. Nyumba ilikuwa moja tu, na ukweli huo usisahaulike, ila mwendo wa namba zenyewe ni wa kuzingatiwa, kwa maana unaonyesha kwamba kinachokuza hatari ni siku ambazo mti unakaa ndani kuliko siku unayouingiza.

Hapa ndipo fundo linapokaza. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1970 ulikuta kwamba takribani asilimia 7 ya wagonjwa wa mzio wa njia ya hewa walisema dalili zao huongezeka mti wa Krismasi unapokuwa ndani, na wengi wao walianza kuumwa ndani ya saa 24. Kama kuvu huanza kujaa hewani siku ya nne, inakuwaje mtu aumwe siku ya kwanza? Kwa maoni yangu hakuna mgongano, kwa sababu mti hauingii na kitu kimoja. Unaingia na spora zilizokwisha kutua juu yake, na chavua (unga wa maua) za nyasi na miti mingine zilizonasa kwenye utomvu, na vumbi la barabarani, na harufu ya utomvu wenyewe, ambayo haileti mzio wa kweli kwa wengi lakini huwasha njia za hewa ambazo tayari ni dhaifu. Wapo pia wanaotokwa na vipele mikononi kwa kushika utomvu. Anayepiga chafya dakika ile mti unapoburutwa mlangoni huenda anadhuriwa na chavua, vumbi au harufu. Anayezidiwa kidogokidogo kuanzia siku ya tano ndiye anayepaswa kuitazama ndoo.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo madirisha yamefungwa kwa sababu ya theluji na hewa imekaushwa na mashine ya joto. Huko mti hununuliwa ukiwa umekatwa majuma kadhaa nyuma, na mwenye nyumba huambiwa aumwagilie kila siku usije ukakauka na kushika moto. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani hushauri unyevunyevu wa hewa ya ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Mtu anayeishi Kigoma, mwezi wa Desemba, mvua za msimu zikiwa zimekolea na ziwa Tanganyika likipumua mlangoni, akiambiwa ashushe unyevu hadi asilimia 40 bila mashine ana haki ya kucheka. Sisi tuna faida moja ambayo wao hawana, nayo ni madirisha yanayofunguka mwaka mzima. Na tuna hasara moja ambayo wao hawana, nayo ni kwamba mti wetu hukatwa ukiwa umelowa na kupandwa ndani ya udongo uliolowa. Kwa hiyo ushauri wa kumwagilia tunapaswa kuupindua. Mti wetu usiingie ndani mpaka umekauka kwa nje, na usiwekwe juu ya kitu chochote kinachohifadhi maji.

Kazi huanza siku ya kukata. Kama tawi linatoka kwenye misaipresi iliyopandwa mipakani au kwenye viwanja vya shule na makanisa katika vilima vya Kasulu na Buhigwe, likatwe mchana usio na mvua, tena upande unaopata jua, si matawi ya chini yaliyokaa kivulini. Ukilifunua kwa vidole karibu na shina utaona majani ya kahawia yaliyokufa na kunasa ndani; hayo ndiyo chakula cha kuvu, na yanapaswa kupukutishwa yote palepale shambani. Mti uliosafirishwa juu ya basi au kwenye pikipiki hadi mjini umebeba pia vumbi na tope la njia nzima. Likung'ute tawi kwa nguvu nje ya nyumba, mkung'utaji akiwa mtu asiye na pumu na amevaa barakoa, kisha ulimwagie maji kwa bomba au kwa ndoo kutoka juu kwenda chini. Baada ya hapo litundikwe kichwa chini barazani, chini ya paa na mahali penye upepo, kwa siku moja au mbili. Najua kwamba kuosha kitu ambacho tunataka kikauke kunaonekana kichekesho, lakini maji huondoa chavua na spora zilizokwisha kutua, na upepo huondoa maji. Ukiruka hatua ya pili ni heri ungeiacha na ya kwanza. Wapo wanaopendekeza kupangusa shina kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kipimo kimoja kwa ishirini. Sina ugomvi nao ilimradi ifanyike nje na dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, ila mvuke wa klorini nao hubana kifua cha mwenye pumu, na maji safi yaliyofuatiwa na siku mbili za upepo yananitosha mimi.

Ndoo ndiyo kosa letu kubwa, na ndiyo rahisi zaidi kurekebisha. Udongo wa bustani una kuvu hata ukiwa mkavu, maana ndiyo makazi yake. Ukilowana na kufunikwa kwa karatasi isiyopitisha hewa, unakuwa shamba. Badala yake tumia mawe. Kokoto za ufukweni zilizooshwa na kuanikwa juani mpaka zikauke hushika shina la urefu wa mtu bila shida, zikipangwa kubwa chini na ndogo juu. Tawi la msaipresi lisilo na maji litaanza kufifia baada ya wiki moja hivi, na hilo si hasara, kwa sababu wiki moja ndiyo muda linaopaswa kukaa ndani. Linapokauka hushika moto upesi, kwa hiyo mishumaa isiwekwe kabisa karibu yake, na taa za kumetameta zizimwe watu wanapokwenda kulala. Kama unapenda karatasi ya nyota za dhahabu, izungushe bila kuibana, ili hewa ipite na ili wewe mwenyewe uweze kuinua pembe moja kila siku kuona kinachoendelea chini yake.

Pamba tunayoitandaza juu ya matawi kuigiza theluji ambayo hatujawahi kuiona hunyonya unyevu wa hewa na kushika vumbi. Ningeiacha.

Mti ukae sebuleni karibu na dirisha linaloelekeana na mlango au dirisha jingine, usiegemezwe kwenye ukuta unaovuja wala kona isiyopitiwa na hewa, na usikae kabisa katika chumba anacholala mwenye pumu. Mvua ikikatika, madirisha yafunguliwe. Kuhusu tarehe, naona hakuna uchaguzi wa maana zaidi ya huu: mti ulioingia tarehe 23 na kutoka tarehe 30 umeikwepa sehemu kubwa ya mwendo ule uliopimwa Connecticut, na mti ulioingia tarehe 15 na kutoka baada ya Epifania umekaa zaidi ya majuma matatu. Najua wapo wazee watakaosema Krismasi haijaisha mpaka Mamajusi wafike. Pango la Noeli na nyota yake vinaweza kuwasubiri Mamajusi bila tawi.

Ambaye amekwisha kununua mti wa plastiki asidhani ameruka mtego. Mti huo hukaa miezi kumi na moja juu ya dari au chini ya kitanda, ndani ya boksi la karatasi ambalo lenyewe hunyonya unyevu, na unapofunuliwa hutoa vumbi, kinyesi cha mjusi, masalia ya mende na mara nyingi koga. Uoshwe kwa maji na sabuni, uanikwe juani siku nzima kabla ya kupambwa, na baada ya sikukuu urudishwe ukiwa mkavu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo.

Sasa tukirudi kwa mpwa wangu, ugumu wa kuutia mti hatiani ni kwamba Desemba hubadilisha mambo mengi kwa pamoja. Nyumba hupakwa rangi mpya, na harufu ya rangi hukereketa kifua. Wageni hulala kwenye magodoro yaliyotolewa stoo. Moshi wa mkaa huongezeka kwa sababu ya mapishi. Watoto huambukizana mafua. Njia ya kawaida ya kupambanua ni kutazama mwenendo. Mafua ya virusi kwa kawaida hupoa ndani ya siku saba hadi kumi na mara nyingi huanza na maumivu ya koo, ilhali mzio huwasha pua na macho, hutoa makamasi mepesi kama maji, na hudumu kadiri chanzo kinapodumu. Mtu anayepata nafuu akilala kwa ndugu Ujiji usiku mmoja na kuzidiwa tena anaporudi, amekupa ushahidi mzuri. Homa si dalili ya mzio. Mtoto mwenye homa katika msimu huu apimwe malaria kwanza, na mambo ya mti yangoje.

Kuhusu dawa nitasema machache, maana hilo ni la tabibu. Mwenye pumu anayetumia dawa ya kuvuta ya kila siku asiiache kwa sababu ya pilikapilika za sikukuu, na ile ya kutuliza haraka ikae mahali panapojulikana na wote. Vidonge vya mzio kama setirizini hutuliza chafya na muwasho lakini havifungui kifua kilichobana, na dawa za kuua bakteria hazina kazi yoyote hapa, hata kama muuza duka atakuambia vinginevyo. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa au midomo inageuka rangi, apelekwe hospitali papo hapo, usiku au mchana.

Siku ya kuutoa mti ndiyo siku ambayo spora nyingi hutikiswa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mwenye mzio awe amekwenda kwa jirani. Uzungushie shuka kuukuu, ukaze kwa kamba, kisha utoke mzima kwa mlango ulio karibu, bila kuukokota korido nzima. Majani yaliyobaki sakafuni yafutwe kwa tambara bichi badala ya kufagiliwa kwa ufagio mkavu, na kokoto zioshwe tena kwa ajili ya mwakani. Tawi lenyewe lipelekwe mbali, kwenye shimo la mboji mwisho wa kiwanja. Ukilitupa nyuma ya nyumba chini ya dirisha la chumba cha watoto, mvua za Januari zitaliozesha hapohapo na hewa yake itarudi ndani kila jioni. Dada yangu mwaka uliofuata hakukata tawi kabisa. Alinunua mche wa mvinje kwenye chungu, akauweka barazani na kuuvisha taa, na wageni wakawa wanapigia picha nje, upande ule unaotazama ziwa.